Mwezi wa Tano Utalipwa na Nani?

Halati yangu, dada wa mama, aliitandaza ramani juu ya kaunta, akaikandamiza pembe moja kwa jora la kitambaa cha buibui na nyingine kwa chetezo, feni isije ikaipeperusha. Alasiri ilikuwa imeshaswaliwa, saa ambayo duka lake hapa Malindi huanza kuchangamka tena. Kijana wa ajenti alikuwa ameondoka punde tu. Pafyumu yake bado ilikuwa inashindana na udi.

"Wewe usomao, hebu nisomee," akaniambia. "Yule kanisomea mbio mbio, nimeshika vati tu."

Nikamsomea. Moli kubwa itakayojengwa, ya kuvuta wateja kutoka Kilifi hadi Lamu. Supamaketi upande wa kaskazini, sinema juu, benki, ukumbi wa chakula, maegesho kila upande. Kiduka alichotengewa yeye kilipakwa rangi ya manjano, karibu na ngazi za umeme. Kisha barua: kodi kwa kila futi ya mraba, ada ya huduma, diposi ya miezi mitatu, malipo ya robo mwaka yatangulie, na VAT juu ya yote hayo.

Alisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni. Akauliza jambo moja tu.

"Na mwezi wa tano uko wapi hapo?"

Nikaipindua barua nyuma na mbele. Haukuwepo. Wiki zimepita na bado nauzungumza moyoni, nikiwa kwenye tuktuk, nikiwa kwenye foleni ya M-Pesa.

## Miezi ya njaa

Mkazi wa huku haelezwi mwezi wa tano. Masika yamekolea, kusi imeingia, bahari imechafuka. Watalii wa Kiitaliano walishaondoka. Kule Casuarina geti la hoteli limefungwa mnyororo, ndani amebaki askari na paka zake. Wafanyakazi wamepewa likizo isiyo na mshahara, na mshahara ule ndio ulionunua dera, samaki, viazi karai na safari za tuktuk.

Ninachotaka kukisema ni jinsi mji unavyovuka.

Halati humkopesha mfanyakazi wa hoteli, jina linaingia daftarini, deni litalipwa wageni wakirudi. Yeye naye muuzaji wake wa jumla wa Mombasa humpa mali kauli: chukua, uza, tutahesabiana. Mwenye nyumba, ambaye baba yake ndiye aliyempangisha babu yetu, hupokea nusu ya kodi na kuuliza hali za watoto. Nusu ya pili humfikia mwezi wa nane. Kila mmoja kabeba kipande cha mwezi wa tano, na hakuna aliyetia sahihi popote.

Wala sitaki kuupamba mpango huu. Dera la mkopo huwa ghali kidogo kuliko la taslimu, na kila mtu anajua. Mwenye nyumba hajapaka rangi tangu nikiwa shule ya msingi. Paa likivuja, fundi unamtafuta mwenyewe na kumlipa mwenyewe. Halafu kuna wasiokopeshwa: mgeni wa mji, kijana asiyejulikana ukoo, mwanamke aliyegombana na mtu asiyefaa kugombana naye. Mkopo wa kujuana una mlango, na mlango una bawabu.

Lakini umedumu. Majahazi yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi, na kati ya pepo hizo bahari ilifungwa. Shehena za miezi michache zililisha mwaka mzima, kwa kukopeshana na kungojeana. Pale Gede, kwenye magofu ya mji wa kale karibu na Malindi, mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba mwaka 1948, walifukua kaure za Uchina na shanga za kioo zilizotoka ng'ambo. Watu wa mji ule walijua kununua vya mbali, na sidhani kama kuna aliyewadai ada ya huduma.

## Jumba la kufuta majira

Basi nikaanza kusoma moli zilikotoka.

Aliyelisanifu jumba linalotajwa kuwa moli ya kwanza iliyofungwa kila upande na kudhibitiwa joto ni Victor Gruen. Alizaliwa Vienna mwaka 1903, akawakimbia Wanazi mwaka 1938, akaishia Marekani. Jumba lake, Southdale, lilifunguliwa mwaka 1956 huko Edina, jimbo la Minnesota. Ni mahali ambapo baridi ya Januari hugandisha ziwa zima. Ndani ya Southdale ilikuwa kama nyuzi 24 mwaka mzima. Maduka mawili makubwa yaliyokuwa wapinzani yaliwekwa chini ya paa moja, katikati pakaachwa uwanja wenye mwanga ili watu wakae na kuzungumza, kwani Gruen alizikumbuka baraza za kahawa za kwao.

Alitaka pia nyumba, shule, zahanati na bustani kulizunguka jumba. Vingi katika hivyo havikujengwa kama alivyovichora. Yaliyolizunguka yalikuwa maegesho. Uzeeni akazikana moli hadharani, tena kwa maneno makali. Alikuwa amerudi kuishi Vienna, na mwaka 1976 moli kubwa ikafunguliwa kusini mwa mji huohuo.

Kilichonigutusha ni kile alichokuwa akipigana nacho mwanzoni. Jumba lile lilibuniwa ili mteja asijue nje ni mwezi gani.

Kiyoyozi kitaliondoa joto la mwezi wa pili, hilo sibishani nalo. Lakini majira yetu ya kufa hayamo kwenye kipimajoto, yamo mfukoni.

## Nusu ya duara ni samaki

Wenye biashara hii wana vipimo vyao. Kwa hesabu ya Wamarekani, moli ya eneo zima ina kama mita za mraba 37,000 hadi 74,000, ina wapangaji wakubwa wawili au zaidi, na wateja wake wengi hutoka ndani ya kilomita 8 hadi 24.

Chukua ramani, uchore duara la kilomita 24 kuizunguka Malindi. Karibu nusu ya duara hilo ni samaki.

Kwa hiyo lazima wateja watoke mbali. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu zaidi ya milioni 1.4 Kaunti ya Kilifi, kama 316,000 Tana River na kama 144,000 Lamu. Kwenye karatasi wanatosha. Ila mtu wa Mtwapa akitaka moli, anavuka daraja la Mtwapa tu na Nyali hiyo hapo. Hana sababu ya kuja huku. Wa Garsen na wa Lamu wanategemea barabara ambayo Mto Tana huikata ukiamua, kama ulivyoamua Novemba 2023. Na masika ya mwaka mbaya huikata pia.

Kumbe mwezi uleule ambao mji hauna pesa, ndio ambao wa mbali nao huenda wakashindwa kufika.

Na hapo nazungumzia mwaka wa kawaida. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, huko Lamu, Juni 2014, pamoja na maonyo ya safari ya mwaka ule, hoteli zilifungwa na zikakaa zimefungwa. Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa mpaka Agosti. Mwezi wa tano unaweza kuwa na siku 31, unaweza pia kuwa mwaka mzima.

## Miaka 5 na miezi 3

Narudi kwenye barua, maana ndiko nilikokaa sana.

Muda wa kupanga: miaka 5 na miezi 3. Nikajiuliza, hii miezi 3 imetoka wapi? Kwa nini isiwe mitano kamili, au sita?

Kenya ina sheria ya tangu 1965 inayowalinda wapangaji wa maduka na hoteli, Sura ya 301. Kama umepanga bila maandishi, au kwa maandishi yasiyozidi miaka 5, mwenye jengo hawezi kukupandishia kodi wala kukutoa anavyotaka; lazima akupe notisi, nawe una haki ya kwenda mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara. Ukizidisha miaka 5, na mkataba ukaandikwa kwa uangalifu, ulinzi huo unaondoka. Miezi 3 inatosha. Wanasheria wa majengo wanalijua hili fika, na mikataba ya namna hiyo imejaa Nairobi na Mombasa.

Hili lilinipindua kichwa. Halati yangu leo, na paa lake linalovuja, bila kipande cha karatasi, analindwa na sheria kuliko atakavyolindwa akishatia sahihi karatasi inayong'aa yenye nembo.

VAT nayo. Kodi ya jengo la biashara hutozwa asilimia 16. Mfanyabiashara mkubwa aliyesajiliwa huirudisha katika hesabu zake. Ambaye mauzo yake hayafiki shilingi milioni 5 kwa mwaka hana lazima ya kusajiliwa, na asiyesajiliwa hairudishiwi. Kwake yeye ni kodi juu ya kodi.

Kisha kifungu cha matumizi: nguo pekee. Nilipomsomea alicheka. Duka lake lina leso, madera na mabuibui, lakini Ramadhani ikikaribia utakuta makasha ya tende mlangoni, udi na ubani ndani ya kabati ya kioo, na siku za karibu na Idi viatu vya watoto vinaning'inia hadi kwenye feni. Ndivyo vinavyoziba mashimo ya mwaka. Tende zitakuwa za supamaketi.

Jambo hili si la Malindi tu. Afrika Kusini tume yao ya ushindani ilichunguza biashara ya vyakula, na ripoti ya mwisho ya mwaka 2019 ilikuta kwamba supamaketi kubwa kwa miaka mingi zilikuwa na mikataba inayowazuia wenye moli kuwapangisha wauzaji wengine, na kwamba wadogo ndio walioumia. Tume ikataka vifungu hivyo viondolewe.

Kuna na saa za kufungua, tatu asubuhi hadi tatu usiku, kila siku. Faini ukifunga. Adhuhuri ya Malindi, tunapofunga milango na kulala kidogo, haikufikiriwa. Ijumaa nayo sikuiona.

## Tembo alipoanguka

Nilimpigia ajenti simu. Ni kijana mwenye adabu, nasema kweli, alijibu kila nilichouliza. Nikamwambia, tuseme halati anakubali, na kule kaskazini supamaketi ikifungwa?

"Tutaleta nyingine," akasema.

Supamaketi ya Nakumatt ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne, na tembo wa nembo yake alikuwa mlangoni mwa moli nyingi za Kenya. Mwaka 2017 rafu zake zilianza kubaki tupu, wauzaji waliomletea bidhaa wakawa hawalipwi, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ya kuifunga kabisa. Ni kweli zingine zilikuja: Naivas, Quickmart, Carrefour iliyoingia nchini mwaka 2016. Majengo mengi yalipona. Ila kati ya tembo kuondoka na mwingine kuingia kulikuwa na miezi, na muuza viatu wa kona ya pili alikuwa akilipa robo mwaka zake huku mlango mkubwa ukiwa na kufuli.

Maana mpangaji mkubwa ndiye anayevuta watu, na kwa sababu hiyo hupewa nafasi kwa kodi ya chini kwa kila futi na mkataba wa miaka mingi. Wadogo hulipa zaidi ili wapitiwe na watu wake. Ukishalielewa hilo, utaona kwamba kiduka cha manjano ndicho kinachombeba yule wa kaskazini.

Nikamuuliza ajenti kuhusu kodi ya asilimia ya mauzo: mwezi wa Desemba mpate nyingi, mwezi wa tano mpate kidogo. Si jambo geni, limo katika mikataba ya moli kwingi duniani.

Akanyamaza kidogo. "Hiyo benki haitatukubalia, ndugu yangu. Benki inataka mikataba iliyotiwa sahihi, yenye kodi inayojulikana. Ndiyo wanayotukopeshea."

Nilikaa na jibu hilo muda mrefu baada ya simu. Msingi haujachimbwa, lakini sahihi ya halati tayari ina kazi. Inapelekwa benki kuombea pesa za kujengea. Mwenye moli ana mdai wake, mdai ana wadai wake, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuwa Malindi mwezi wa tano.

## Lakini choo

Hadi hapa mtadhani nimeshaamua. Bado.

Binamu yangu anafanya kazi kaunta ya supamaketi Mombasa. Ana mkataba, ana hati ya mshahara, na kwa hati hiyo alipewa mkopo na sako akamalizia nyumba ya mama yake. Wenzake waliobaki Malindi wanahangaika ufukweni na wageni, au wanaendesha bodaboda ya mtu mwingine. Ukiwauliza wao kuhusu mali kauli na heshima ya daftari, watakutazama tu. Daftari halijawahi kuandika majina yao.

Halafu kuna kina mama. Mwanamke akienda sokoni na watoto wawili, atakaa wapi? Akitaka kujisaidia, ataomba choo cha msikiti au arudi nyumbani. Siku ya Idi pili familia zinajazana ufukweni Buntwani, na jua likiwa kali hakuna pa kujihifadhi pasipo na bei ya chai ya wageni. Rafiki yangu mmoja huenda Nyali, kama kilomita 120, na sababu anayoitaja kwanza ni kukaa kwenye kiti safi na kutosumbuliwa na mtu. Pesa anazozitumia huko ni pesa za Malindi zilizopanda matatu.

Na bei. Kwenye supamaketi mtoto wa Mgiriama aliyeshuka kutoka Marafa na mke wa balozi wanalipa bei moja. Dukani kwetu, tuseme ukweli, bei huangalia viatu.

Kwa hiyo wanaosema moli itaua mji sina haja nao sana. Miji haifi kirahisi hivyo, na maduka ya mjini kwetu yameona mengi. Wanaosema italeta maendeleo pia wananichosha. Ninachotaka kujua ni mgao: miezi mizuri wanakula wangapi, na mibaya inabebwa na nani.

## Kituo cha tuktuk

Kitu kimoja kwenye ile ramani nilikigundua siku ya tatu ya kuitazama.

Maegesho ya magari yapo ya mamia, mstari kwa mstari, na miti imechorwa kati yake kama uyoga. Lango la kuingilia, lango la kutokea, njia ya malori nyuma. Nikatafuta mahali pa tuktuk. Nikatafuta pa bodaboda. Hakuna.

Malindi! Mji ambao bibi harusi anaweza kwenda kwa tuktuk.

Nilimwonyesha jirani yangu anayeendesha. Alipima kwa kidole umbali kutoka barabarani hadi mlango wa jumba, jua lote lile, kisha akasema, "Hawa wanawasubiri wenye magari. Watangoja." Kuhusu maji hatukugusa, lakini mliowahi kuishi Malindi siku za ukavu wa mifereji, mitambo ya maji ya Baricho inapokuwa na matatizo, mnajua swali lilivyo. Jumba la ukubwa ule litachimba visima, na visima vya karibu na bahari vikivutwa sana huleta chumvi, nayo chumvi haichagui kisima cha nani.

## Nilichokipeleka

Sheria inadai mradi wa ukubwa huu ufanyiwe tathmini ya mazingira na wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni. Kwa kawaida maoni yetu huwa kelele: nusu ya ukumbi inaunga mkono, nusu inapinga, soda zinagawiwa, watu wanarudi majumbani. Safari hii nimeandika ukurasa mmoja na kuupeleka mapema, wakati ramani bado inaweza kuguswa.

Nimeomba masharti ya kibali yaseme kwamba sehemu fulani ya viduka itengwe kwa wafanyabiashara wa hapa, kwa kodi ya asilimia ya mauzo, na kiwango cha chini kishuke kuanzia Aprili hadi Juni. Nimeomba kituo cha tuktuk kiwe ndani ya lango, chini ya paa. Nimeomba pia matokeo ya upimaji wa maji yabandikwe mahali tunapoweza kuyasoma, kwa Kiswahili. La choo sikuliandika, nikaona litanishushia hadhi, nami sasa najiuliza kwa nini.

Halati hajatia sahihi. Amemwambia ajenti ampe mkataba wenyewe, wote, si barua ya kurasa mbili, ampelekee mwanasheria. Ajenti amesema hajawahi kuombwa hivyo na mwenye duka la leso. Amemjibu basi azoee.

Karani alinipokelea ukurasa wangu, akaugonga muhuri, akaniambia nipitie tena baada ya wiki mbili. Nikipata jibu nitaliweka hapahapa.